Mwalimu Pembetatu na Misumari Tuliyoing'oa

Ndugu waombolezaji, wanangu wameniomba nisome mimi, fundi seremala, mume wa marehemu, na kwa kuwa macho yangu yamechoka nitasoma polepole, mnivumilie.

Mke wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Pembetatu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1972, kisha chuo cha ualimu, na tarehe 6 Januari 1975 akaanza kazi katika chekechea ya kanisa hili, darasa la watoto wa miaka minne, ambalo hakulihama mpaka alipostaafu tarehe 28 Novemba 2014.

Tulifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, baada ya mimi kuitwa pale kutengeneza kabati, nikarudi mara tano kulitengeneza kabati lile lile ambalo halikuwa na ubovu wowote. Mungu alitujalia watoto watatu, fundi umeme aliyezaliwa 1978, mkunga aliyezaliwa 1981, na kitinda mimba wetu, dereva, aliyezaliwa 1985.

Nilimchongea maumbo ya mbao, duara, mraba, mstatili na pembetatu, nikayapigilia misumari ukutani, kila pembetatu imekaa kitako, ncha juu, nikajiona nimefanya kazi. Alhamisi, tarehe 14 Julai 1983, pembetatu moja iling'oka, ikanasa kwenye kikapu ncha ikiwa chini, mtoto mmoja akalia kwamba pembetatu imekufa, na marehemu alipowauliza wengine kile ni kitu gani, darasa zima likasema halikijui. Siku hiyo hakugusa chakula, alikaa jikoni akasema kwamba kwa miaka minane amewafundisha watoto wa watu kuwa kitu kikipinduliwa si kitu tena, na kwamba misumari ni yangu lakini kosa ni letu sote wawili. Kesho yake asubuhi alinikabidhi koleo, tukaing'oa misumari yote.

Tangu hapo maumbo yalikaa mikononi mwa watoto, yeye akipiga magoti sakafuni, akiigeuza pembetatu huku na huku, akinyamaza, akisubiri, hadi watoto wapaze sauti kwamba ni ile ile. Mara nyingi nilipita dirishani nikavua kofia bila kujijua, kama ninavyovua ninapoingia humu, maana niliona katika nyuso zile ndogo jambo ambalo mimi, niliyeshika mbao maisha yangu yote, sikuwahi kuliona.

Tarehe 2 Novemba 2019 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya usemi na mkono wa kulia, na ninakiri mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba nilikaa kando ya kitanda chake wiki tatu nikiamini kuwa yule niliyemuoa ameshaondoka. Kitinda mimba akaleta kikapu cha maumbo, mama yake akapapasa kwa mkono wa kushoto, akatoa pembetatu, akaipindua ncha chini, akaiweka kiganjani mwangu, akanitazama, akasubiri. Nikajibu kwa sauti kama mtoto wa chekechea kwamba ni ile ile, naye akafumba macho, ameridhika.

Alifariki tarehe 11 Juni 2021, saa nne asubuhi, mkunga wetu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani nilipoishiwa nguvu, walimu wenzake, na nyinyi mliokuwa wanafunzi wake, ambao leo mmejaa hadi nje.

Mke wangu, sasa umelala, umenyamaza, na mimi ninakutazama, na jibu langu halijabadilika, ni wewe, yule yule. Lala kwa amani mikononi mwa aliyekuumba.