Pilipili Zilizompasisha Bosiljka

Milunka alipanda basi mjini Niš na habari isiyokaa kifuani, akammwagia mzee aliyeketi jirani. Binti yake Bosiljka, aliyeanguka mara mbili mtihani wa usimamizi wa uzalishaji, leo kapata kumi kwa kumi.

"Kaulizwa kwa nini kazi hukwama. Kawaeleza tunavyotengeneza ajvar, rojo la pilipili hoho za kuchoma, nyumbani. Jiko linachoma pilipili hoho upesi, zinarundikana kwa wamenyaji. Ongeza majirani wa kumenya, si moto."

"Mngenunua jiko la pili," mzee akasema.

"Ndivyo alivyojibu zile mara mbili, baba."

Basi zima likacheka. Mzee akang'ang'ania jiko lake mpaka kituoni.

"Basi Jumamosi njoo umenye," Milunka akamwambia akishuka. "Jiko tunalo."