Biasha Mshamu, Aliyezisaka Dhoruba Ndogo za Kaskazini (1986–2025)

Asalaam aleykum. Mimi ni Abubakary, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja. Mnivumilie, leo nina hasira na sitaificha.

Dada Biasha alizaliwa hapa Mtawanya tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mshamu na bibi Mwamvua. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Kibiti, kisha fizikia Dar es Salaam. Mwaka 2011 akaenda Norwei kuongeza elimu, akapata kazi huko huko.

Kazi yake wengi mliicheka. "Anatazama mawingu ya Wazungu!" Haya, sikilizeni. Kule kaskazini, hewa ya barafu ikipita juu ya bahari isiyoganda, huzuka dhoruba ndogo, kali, yenye upepo wa kuzamisha mashua. Leo imezuka, kesho imekwisha. Baharini vituo vya hali ya hewa ni vya kutafuta, na majira ya baridi jua halichomozi. Kwa hiyo Dada alizisaka kwa setilaiti: joto la mawingu, na jinsi upepo unavyokwaruza maji. Februari 2019 aliona kiduara kwenye picha. Wenzake wakasema ni kidogo, tungoje picha nyingine. "Hicho hicho kidogo ndicho kinachoua," akasema, akapiga simu bandarini mwenyewe. Mashua zikarudi, dhoruba ikapiga bahari tupu. Mvuvi mmoja akamtumia samaki mkavu wa kule, Dada akamleta huku, mama akamtia nazi. Siku nzima jikoni! Mama akasema, "Samaki huyu hana adabu, hata tui halimlainishi." Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2015 aliolewa na shemeji Muhidini. Wakajaliwa Yasmin na Mustapha.

Sasa kuugua kwake. Karatasi mliyogawiwa inasema "aliugua ghafla." Uongo! Alifika Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, peke yake, mguu mmoja umevimba kwa safari ndefu ya ndege. Ijumaa akasema, "Huu si uchovu, damu imeganda. Nipelekeni hospitali kubwa." Baba mdogo Kibwana, umekaa hapo mbele, ulimjibuje? "Ni kidogo tu hicho, mwanangu, Ulaya imekudekeza. Kesho tunakusomea maulidi, wageni watasemaje?" Akaomba bodaboda. Mkamkatalia, eti mgeni wa heshima hapandishwi bodaboda! Na gari la ukoo? Lilikuwa linavuka daraja la Ndundu kwenda Chumbi kuchukua wageni, linarudi, linakwenda tena, mpaka masufuria likabeba. Mimi nikiwa Dar nilipiga simu, nikaambiwa ameshapata nafuu. Nafuu gani? Jumamosi mlisimama kumswalia Mtume, yeye chumbani anahema.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 10 alifariki njiani, ndipo mnampeleka hospitali. Daktari alisema bonge la damu lilitoka mguuni likaziba pafu, na kwamba Ijumaa lilikuwa na dawa.

Ameacha mama, mume aliyefika jana na watoto, na mimi. Yasmin ameniuliza kwa nini hakuna aliyemsikiliza mama yake. Baba mdogo, utamjibu wewe.

Gari lile lipo nje. Limeoshwa, lina mafuta, limengoja jeneza tangu asubuhi. Leo halina safari ya Chumbi.

Dada Biasha apumzike kwa amani. Waliosema ni kidogo tu, wasipumzike.