Faustin Nahayo na Bunduki ya Mbao (1974–1996)

Ndugu, majirani, na ninyi wanachuo mliotoka Lilongwe, poleni na safari.

Marehemu Faustin Nahayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Buyenzi, Bujumbura, mtoto wa pili wa marehemu Minani na Mama Ernestine. Baba yao aliuawa Oktoba 1993 na vijana waliopita mtaani wakipiga gwaride, bunduki begani. Familia ilifika hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Agosti 1994.

Alimaliza sekondari Bujumbura. Septemba 1995 kanisa lilimlipia chuo cha ufundi Lilongwe, akasomea useremala, akapanga chumba Area 36. Huko, jamani, akaingia kikosi cha gwaride cha chuo! Alihesabu hatua hata akienda msalani. Mama alicheka, dada yake Sophie, anayewasomea wasifu huu, hakucheka hata kidogo. Lakini kikosini hakuna aliyemwita mkimbizi. Aliitwa Nahayo, safu ya pili, na alitaka sana kuingia Kamba Nyeupe, undugu wa wale kumi na wawili bora, wanaovaa kamba begani na kuitana ndugu mpaka kufa.

Aliyeutaka undugu huo alitembea na bunduki ya mbao siku arobaini: asiilaze chini, asiiache, asimpe mtu. Faustin alianza tarehe 1 Machi 1996. Siku ya thelathini na saba, Jumamosi kabla ya Pasaka, alisikia mama anaumwa. Akaizungushia kitenge, akaja nayo. Aliposhuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, pale sokoni, kitenge kikateleza.

"Bunduki! Banatufuata mpaka huku!" akapiga kelele Mama Nibigira, mjane jirani yetu. Wanaume wakaokota mawe.

"Weka chini!"

"Siwezi kuiweka chini," akajibu Faustin. Ole wetu! Katika maneno yote ya duniani, akachagua hayo.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. Sophie akamlilia, "We Faustin, unataka batuue sababu ya ubao?"

Alisimama, macho kwa Mama Nibigira aliyekuwa ameketi vumbini. Kisha akamwendea, akapiga magoti, akamkabidhi bunduki kwa mikono miwili. "Mama, shika. Ni mbao tu. Ukitaka, choma."

Mama Nibigira aliipapasa, akalia. Maharage ya Pasaka yaliivia juu ya moto wa bunduki hiyo.

Chuoni, kapteni wa kikosi alimpenda, akamnong'oneza, "Sema imeibiwa, tutakupigia kura."

"Haikuibiwa. Niliitoa mwenyewe."

Walimkataa. Tusidanganyane mbele ya jeneza: ilimuuma mno.

Hakujaliwa kuoa. Barua ya posa kwa kina Charlène ilikuwa ipelekwe Desemba, na kitanda cha arusi alikuwa ameshakiranda. Tarehe 2 Novemba malaria ilimpanda kichwani. Alifariki hospitalini Lilongwe tarehe 5, alfajiri, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Ameacha mama, dada, mchumba, na Mama Nibigira, ambaye tangu juzi hajaondoka ubavuni mwake. Kaburi limechimbwa na wanaume walewale wa sokoni.

Jana kapteni alileta Kamba Nyeupe, akaomba marehemu avishwe. Asante, kaka, tunajua umekuja kwa upendo. Lakini rudi nayo. Faustin aliikosa kwa sababu yetu, na sisi ndio tutakaombeba.

Bwana ampokee, apumzike.