Ngozi Imevimba, Tusifungue Valvu

Majembe yangu! Samahani, nimeanza na rafiki zangu wa zamu. Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa kiwanda hiki cha dawa, na wewe mjomba wangu uliyekaa pale mbele na koti jipya: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeambiwa nieleze mtambo huu kabla Mheshimiwa hajafungua valvu. Haya. Dawa zetu tunaziyeyusha kwenye asetoni, ile ile inayofuta rangi ya kucha. Dawa ikishatoka, asetoni inabaki na uchafu wa njano, na ili tuitumie tena lazima tuichemshe. Nani anachemsha? Mjomba. Tangu mimi sijaota meno. Amesimama kwenye mvuke ule mpaka ukimpigia simu unasikia kikohozi kwanza, "haloo" baadaye. Daktari amemwambia atoke. Yeye anajibu, "Nikitoka mimi, ataingia mtoto wa nani?"

Ndiyo maana nikahangaika na hiki tunachokiita ngozi. Chuoni sikuingia, nilisoma vitabu vya kuazima na kuunguza sufuria za dada yangu. Ni utando mwembamba kuliko unywele, wenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Unaisukuma asetoni kwa presha, bila moto: molekuli zake ndogo zinapenya, zile kubwa za uchafu zinabaki nje. Mnadhani ni rahisi? Ukiufanya mnene, haupitishi kitu. Ukiufanya mwembamba, unachanika. Kwenye maji unatulia vizuri tu, lakini kwenye asetoni unaweza kulegea, ukavimba, vitundu vikapanuka.

Kipande cha ukubwa wa kiganja hakikuvimba. Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kaoa! Basi tukakunja shuka zima la ngozi, tukaliingiza kwenye bomba hili, likalowa kwenye asetoni wiki nzima.

Asubuhi hii, wenzangu wakifunga utepe, nikakinga glasi moja. Ilitakiwa iwe safi kama maji ya kunywa. Ilikuwa na unjano. Fundi mkuu akasema, "Aa, ni mwanga wa hayo mapazia ya njano." Nikatoka nayo nje, juani. Njano. Ngozi imevimba, uchafu unapenya.

Mjomba akaninong'oneza, "Wewe, acha wafungue. Rangi kidogo hiyo nani ataiona?"

Hakuna atakayeiona, mjomba. Ndiyo shida yenyewe. Mgonjwa ataimeza.

Mheshimiwa, nakuomba kwa heshima zote, usifungue. Ndugu Mkurugenzi, najua ulisema tukate utepe, mengine tuongee Jumatatu. Nisamehe. Jumatatu uchafu utakuwa umeshaingia kwenye vidonge. Nyuzi zinazounda ngozi hii zinatakiwa zifungwe pamoja kwa kemikali nyingine, ili zikilowa zisiachane. Nipeni nafasi niitengeneze upya. Itachukua muda gani? Sijui, na sitawadanganya hapa mbele ya watu.

Na mjomba je? Kila siku ninayoiomba kwenu ni siku nyingine ya mvuke. Kwa hiyo kuanzia kesho, kwenye tanki la kuchemshia nitasimama mimi, na ngozi nitaishughulikia nikitoka zamu. Usitikise kichwa, mjomba, tuna wageni. Umenilea, na mvuke umeuvuta wa kutosha.

Nawashukuru kwa kunivumilia, hasa ninyi mliokuja na viatu vya sherehe mkasimamishwa kwenye sakafu ya saruji kusikia habari mbaya. Lakini kabla hamjaninung'unikia, nawaomba kila mmoja ajiulize kimyakimya. Upande huu yuko mgonjwa asiyetujua hata kwa sura, ambaye atapokea kidonge chetu na kukiamini. Upande ule yuko mjomba wako, anakohoa. Na mkono ulio kwenye valvu ni wako.

Wewe ungefanyaje?