Josiah Machogu na Pikipiki Saba Alizozishusha

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Masese, kaka mkubwa wa marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, na nitayasoma yote hata sauti ikikatika.

Josiah Machogu alizaliwa Manga tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mokua na Mama Mong'ina. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003. Sekondari aliishia kidato cha pili. Mwalimu wake alimkuta mara mbili ameifungua baiskeli ya shule vipande vipande, na mara zote mbili aliirudisha nzima, isipokuwa kengele.

Mwaka 2008 alikwenda Kisii kujifunza ufundi wa pikipiki, na 2012 akafungua gereji yake Nyaramba. Alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo pia.

Tarehe 20 Desemba 2015 alimwoa Phanice, muuza ndizi. Phanice ni mfupi, hilo si siri. Alitaka kujipelekea ndizi sokoni, lakini akipanda pikipiki miguu haikufika chini. Josiah akatoa springi za nyuma, akaweka fupi. Siku hiyo Phanice alikanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, akacheka mpaka majirani wakaja kuangalia kuna nini. Waendeshaji wengine wafupi wakaleta zao. Jumla zikawa saba.

Tuliamini pikipiki ikiwa chini ni salama zaidi. Kumbe ukishusha nyuma peke yake, mbele inakuwa nyepesi, usukani unachelewa kutii, na kwenye kona inakutoa nje. Ikibeba mzigo, springi fupi hujikunja hadi mwisho, na stendi, ule mguu wa kuegeshea, inagusa lami. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, Josiah alikuwa akiijaribu pikipiki ya mteja, moja ya zile saba, akishuka mteremko wa hapa Manga na gunia la mbolea nyuma. Kwenye kona stendi iligusa barabara, gurudumu la nyuma likainuka, akatupwa mtaroni.

Alilazwa Kisii siku sita, mbavu zimevunjika. Hakuuliza kama atapona. Alinishika mkono akasema, "Masese, zile pikipiki. Zirudishe juu zote kabla hajaumia mwingine." Nilimwona akiogopa, na hofu ile imenihamia mimi. Alitutoka Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Ile ya ajali haitembei tena. Tano nimezirudisha. Iliyobaki ni ya Phanice. Nilipomwendea na springi ndefu alinikatalia: "Shemeji, hii alinitengenezea mwenyewe. Usiiguse." Tangu hapo kila pikipiki ikiteremka, natoka nje kuangalia kama ni yeye.

Josiah ameacha mama yake, Mong'ina. Mjane wake, Phanice. Watoto wawili, Damaris wa miaka minane na Mokua wa miaka minne. Na sisi ndugu zake wanne. Watoto hawa wamebaki na mzazi mmoja tu. Phanice, ufunguo wa pikipiki yako nimeuchukua mimi, na siurudishi mpaka springi zibadilishwe. Nikasirikie hata mwaka mzima. Siwezi kusimama hapa tena na karatasi kama hii yenye jina lako.

Josiah, mdogo wangu, pumzika kwa amani.