Dkt. Paulino Taban na Swali Lisilokuwemo Kitabuni

Tarehe 30 Juni 2010, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Dkt. Paulino Taban atakabidhi funguo za chumba chetu cha kusomea. Wengi wetu tulirudi kutoka masomoni Uganda na Kenya, ndiyo maana taarifa hii imeandikwa kwa Kiswahili, lugha aliyotuchekesha na kutukemea nayo.

Alianza kazi hapa Juba akiwa daktari kijana wa wodi, akabaki mjini miaka yote ya vita. Amani ilipotiwa saini alipewa jukumu la kuwaandaa madaktari waliorudi nyumbani kwa mtihani wa leseni. Kila mmoja alifika na begi zito la vitabu vya marudio. Dkt. Awut, aliyesomea Nairobi, alikuja na vitabu vya kujaza meza nzima. Dkt. Taban, tuliyemwita Daktari tu, alivipekua kimoja kimoja, akamrudishia viwili tu, kimoja cha kusoma na kimoja cha maswali. "Hivyo vingine vikazuie mlango usipigwe na upepo," alimwambia. Alikuwa akisema kwamba kitabu cha kuchagua ni kile kinachokufanya umwone mgonjwa, si kile kinachokukaririsha jina la ugonjwa.

Mwaka 2008 tuliona maneno hayo yakitimia kwa namna ya kutisha.

Mwaka huo Daktari alinunua vitabu vya mtumba kwa Lubega, Mganda mwenye kibanda mtaa wa Hai Cinema. Kimoja kilikuwa cha maswali, hakina jalada. Awut na mwenzake, Dkt. Majok, walikipenda wakakisoma kwa zamu. Daktari alipowapima kwa mdomo, kila mmoja peke yake, wote wawili walimtaja mgonjwa yuleyule: mama mwembamba kwenye kitanda cha dirishani, kitambaa cha kijani kichwani, anatapika, hana nguvu, na anaomba chumvi. Daktari akafungua kitabu. Mahali walipomtaja, baada ya swali la pumu, lilifuata la mfupa uliovunjika. Mama hakuwemo. Mimi ninayeandika haya, nikiwa mwanafunzi wake pia, nilitazama, nikapekua mbele na nyuma. Hakuwemo.

Tulicheka tukisema ni uchovu. Lakini Majok alianza kukonda. Alisema kila akifungua kitabu, mama yule amesogea zaidi ukingoni mwa kitanda, na sasa anamtazama. Mtihani ulikuwa umekaribia, naye alitaka kujiondoa. Daktari alikwenda kumuuliza Lubega, akajibiwa, "Hiyo kitabu mimi sijui ilitoka wapi, Daktari. Kwa boksi ya Kampala haikuwa."

Alirudi mchana uleule, akafunga mlango, akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mji ulipozingirwa wakati wa vita, chumvi ikiwa haipatikani hata kwa dawa, alimtibu mama wa mtaa wa Kator aliyeitwa Kiden. Alimtibu malaria. Kiden alifia kwenye kitanda cha dirishani akiomba chumvi, na Daktari hakupata kujua kilichomuua.

Kisha akamwambia Awut afungue kitabu.

"Msogelee. Ufizi wake ukoje?"

Awut aliinamia ukurasa. "Mweusi, Daktari. Kama umepakwa wino."

"Na viganja?"

"Mistari yake pia."

"Haya. Anaumwa nini?"

Majok ndiye aliyejibu. "Ni zile tezi za juu ya figo. Zimeacha kufanya kazi, ndiyo maana mwili unapoteza chumvi. Apewe dripu ya maji ya chumvi na sindano ya haidrokotisoni, sasa hivi."

Awut akainua uso taratibu. "Amesikia," alisema. "Anauliza, na mtoto je?"

Daktari hakusubiri kuvua koti lake jeupe. Tulikwenda naye Kator, tukauliza nyumba hadi nyumba nyuma ya kanisa kuu, mpaka tukaonyeshwa kwa Keji, binti wa Kiden, sasa mama wa watoto wawili. Alikuwa amelala mkekani. Majirani walisema ni malaria iliyokataa kupona. Daktari, mtu wa salamu ndefu, siku hiyo hakusalimu. Aliushika mkono wa Keji, akaugeuza kiganja juu, akakitazama. Halafu akaniambia kwa sauti niliyoisikia mara hiyo moja tu, "Tafuta gari. Kimbia."

Keji alilazwa, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano. Siku ya tatu alikaa akaomba uji. Hadi leo anameza vidonge vinavyoletwa na mabasi ya Kampala, na Daktari mwenyewe ndiye anayehakikisha haviishi. Awut na Majok walifaulu wote wawili.

Kitabu kile kipo bado rafuni. Ni kizuri, kimesaidia wengi, na hakuna aliyemwona tena yule mama. Daktari peke yake ndiye ambaye hakukifungua tena.

Sasa anakwenda kulima bamia kando ya mto, mtaa wa Juba Na Bari. Siku ya sherehe ya kumuaga, Keji atakaa meza ya mbele pamoja na wanawe.

Daktari, asante kwa kutufundisha kumtazama mgonjwa. Tunakuombea afya, mavuno ya kutosha, na usingizi mtulivu.