Esnah Kemunto na Neno "Hapana" Lisilotisha

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Shamba la Chai la Kipsomoi, Bi. Esnah Kemunto anastaafu. Wengi wetu hatumwiti hivyo. Kwetu yeye ni Mama Masese, mlezi wa bebikea, ile nyumba ya mabati ya kijani iliyo juu ya bonde, ambako wachumaji huacha watoto wao asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani ya chai.

Alikuja Kipsomoi mwaka wa 1996 akitokea Nyansiongo, kifungua mimba wake Masese akiwa mgongoni. Alichuma chai kwa miaka mitano. Wenzake wa siku hizo wanasema alikuwa mchumaji wa kawaida tu, kwa sababu kila mtoto alipolia kule juu, yeye alisimama, akageuza shingo, na mikono ikasahau kazi. Mwishowe nyapara wake alichoka, akamwombea nafasi kwenye bebikea. Mpaka leo hatujui kama ilikuwa adhabu au zawadi.

Aliyewahi kuingia humo wakati wa mvua ya alasiri hasahau. Mvua hupiga mabati hadi maneno hayasikiki. Watoto wamelala mikekani, mmoja akitabasamu ndotoni, mwingine akinyonya hewa, na Mama Masese anapita katikati yao na soksi miguuni, akivumisha wimbo usio na maneno. Mara nyingine hata sisi walezi tulisinzia, na tulipozinduka hatukujua kama tumelala kidogo au mchana mzima umepita.

Utulivu ule haukuja wenyewe. Mama Masese alikuwa na mipaka, ila ilikuwa michache. Birika la chai ya moto lilipowavuta watoto wanaotambaa, hakukaa kuwakemea. Alimwita fundi akapigilia rafu ya kuliwekea juu ukutani. Alituambia kwamba mtoto wa miezi tisa haelewi hotuba, na ukimkataza kila kitu hatajua hatari ni ipi. Kilichobaki kukatazwa kilikatazwa kweli, kila siku, na kila mlezi. Hata neno lenyewe la kumkataza mtoto tulikubaliana. Mimi nilikuwa nasema "achicha" kama nyumbani kwetu Bomet, yeye akisema "yaya" kama Wakisii, mwingine "wacha". Siku moja akatukalisha.

"Tukisema maneno matatu, mtoto atadhani ni vitu vitatu," alisema. "Tuseme hapana. Polepole, bila kelele."

Tangu hapo ikawa hapana. Meneja mmoja alipoingia na gambuti zenye matope, aliambiwa hapana kwa sauti ile ile ya chini, akarudi mlangoni kuzivua kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa.

Mwaka wa 2014 nusura mtoto mmoja afukuzwe. Aliitwa Kiptanui, wa miezi kumi na mmoja, mwana wa Janeffer, mchumaji aliyekuwa akimlea peke yake. Alianza kuuma wenzake. Mara ya kwanza baadhi ya walezi walicheka, naye akaona ni mchezo. Haikuchukua muda, Moraa, binti mdogo wa Molly, akawa na alama za meno shavuni. Molly alikuja kwa hasira.

"Huyu akibaki hapa kesho, mimi naenda ofisini," alisema.

Janeffer alijua maana yake. Bila bebikea hangeweza kuchuma, na bila kuchuma hangekuwa na nyumba ya kampuni. Alimnyakua mwanawe, akauinua mkono wake mdogo hadi karibu na midomo yake mwenyewe.

"Wacha nimuume pia, ndio asikie vile inauma."

Mama Masese aliingiza kiganja chake kati ya meno ya mama na mkono wa mtoto. "Hapana, Mama Kiptanui. Ukimuuma atajua tu kwamba hata watu wakubwa wanauma. Nipe huyu mtoto. Na wewe, Molly, nipe wiki mbili. Moraa nitamchunga mimi mwenyewe."

Molly alikubali shingo upande.

Kila Kiptanui alipofungua mdomo kwenye bega la mwenzake, Mama Masese alimshika kidevu taratibu, akamtazama, akasema, "Hapana. Inauma." Kisha akampa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi atafune, maana fizi pia zilikuwa zikimsumbua. Kiptanui alipompapasa Moraa bila kumuuma, Mama Masese alimsifu hadi mtoto akageuka kutafuta ni nani anayesifiwa. Siku moja Kiptanui alimuuma Mama Masese mwenyewe begani, hadi machozi yakamtoka mama huyo. Mkono wangu mimi ndio uliokuwa umeshainuka kumchapa. Yeye alimweka chini, akavuta pumzi, akasema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Nikaushusha mkono.

Ni yeye pia aliyegundua mtoto huyu anauma wakati gani. Ilikuwa saa nne, akina mama walipokuja kunyonyesha. Janeffer alikuwa akichuma upande wa mbali wa bonde, kwa hiyo alifika wenzake wakiwa wanaondoka. Kiptanui alikaa mkekani akitazama kila mtoto akipakatwa isipokuwa yeye. Mama Masese alimwendea Bwana Kepher, afisa wa ustawi, akaomba Janeffer asogezwe karibu. Bwana Kepher alisema kazi ya shamba haipangwi na watoto.

"Basi kuja saa nne ukae na mimi," akamjibu.

Alikuja, akaketi kwenye kistuli kifupi magoti yakimfika kifuani, akatazama. Jumatatu iliyofuata Janeffer alihamishwa. Tangu hapo, kabla ya saa hiyo, Mama Masese alimbeba Kiptanui hadi kwenye ua, wakatazama vikapu vikichomoza kimoja kimoja kutoka kwenye ukungu, kana kwamba vinaelea bila watu, mpaka kimoja kikawa na uso wa mama yake.

Kuuma hakukuisha mara moja. Kulipungua, kukarudi jino jipya lilipoota, kisha kukapotea. Molly mwenyewe alikuwepo, Moraa akiwa gotini kwake, siku Kiptanui alipomwinamia Moraa mdomo ukiwa wazi, akasita, halafu akalaza shavu lake juu ya shavu la mwenzake. Molly alinyoosha mkono. Alimvuta Kiptanui, akampakata kwenye goti la pili.

Baadaye Mama Masese alifanywa msimamizi wa bebikea, na walezi kutoka Merigi, Longisa na mashamba ya jirani wakaja kujifunza kwake. Wengi walitarajia somo. Aliwapa mtoto mmoja mmoja wa kubeba.

Jumatano hii tulitaka kumpiga picha na watoto wote, lakini walikuwa wamelala. Tukamuuliza kama tuwaamshe awaage.

"Wacheni walale," alisema. "Wakiamka watamtafuta yule atakuwa hapa."

Akapita mkeka kwa mkeka, akavuta blanketi hapa, akafungua ngumi ndogo pale.

Asante sana, Mama Masese. Uende salama Nyansiongo. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, wajukuu wakaidi kiasi cha kukufurahisha, na mchana ambao utalala wewe, na mtu mwingine akufunike.

Judy Chepchumba, kwa niaba ya walezi wa bebikea